Sweta za Kabale

Nilishuka Kitooro na mashine ya kufumia
imeviringishwa blanketi mbili, imekazwa kwa kamba ya katani.
Mpagazi akauliza, "Mama, hii maiti ya nani?"
Nikamjibu: ya ugali wangu. Beba taratibu.
Akacheka, jasho likimdondoka kidevuni,
nami ndani ya sweta mbili nikaona aibu ya kuvua mbele za watu.

Kabale ukungu huingia jikoni bila hodi,
hujibanza kando ya jiko kama shemeji asiye na kazi,
haung'oki mpaka saa nne.
Miaka ishirini na saba nimeufumia nguo:
za kijani za wasichana wa shule,
za buluu za walinzi wa benki,
na moja nyekundu ya mume wangu Tibenderana.
Alizikwa nayo. Mwenyewe aliagiza.
Alisema mlima ule una baridi kuliko jeshi.

(Kiswahili changu nacho ni cha jeshini, mnisamehe.
Nilikiokota kwenye foleni ya maharage,
nikakifuma mwenyewe, kina matundu.)

Binti yangu Kyarisiima ndiye aliyeniita Entebbe:
"Mama, huku magoti hayaumi."
Sikumwamini. Goti ni goti.
Lakini wiki ya tatu sindano ilianguka,
nikainama, nikaiokota, nikainuka
bila kumtaja Mungu.

Jamani, joto!
Linaamka kabla yangu, linaningoja kizingitini,
linanishika mabega kama mtu tuliyesoma naye.
Nimejifunza kula embe nimesimama,
maji yakishuka mpaka kiwikoni, na nisijali.
Nimejifunza kulala mchana, mimi! binti wa Rwakishaija,
mzee aliyeamini usingizi wa mchana ni wizi.

Wageni huliita ziwa hili bahari.
Nililionja kwa kidole: halina chumvi.
Basi pwani yangu ni pwani ya maji ya chai.
Kyarisiima ananikataza kutia miguu, ati kichocho.
Natia macho.
Korongo anapita na koti lake la wakili,
na ngege wa kukaanga ananitazama kutoka sahanini
kwa jicho ambalo sasa najua kulila.

Asubuhi moja nikauona. Ukungu!
Umesimama juu ya maji, mweusi, unanijia.
Nikasema, ee shemeji, umenifuata mpaka huku?
Nikakimbilia shali.
Kumbe sami, visubi vya ziwa, kwa mamilioni,
wakaingia puani, wakaingia kwenye chai,
na jirani yangu Nakalanzi akacheka
mpaka akakaa chini na ndoo yake.

Miezi minne sikuuza hata soksi.
Kuku wa Nakalanzi akataga juu ya mashine,
mayai matatu; tukala mawili.
Kisha mwanawe, Ssemwezi, akaja na karatasi ya viza.
Anakwenda Ufini, kufungasha samaki.
"Mama Sweta, nasikia wewe unaijua baridi."

Kuijua?
Nikampima kifua verandani, sote tunatiririka,
futi ya kitambaa ikinigandia vidoleni.
Nikamfumia shingo ndefu, mikono ya kukunja mara mbili.
Akaivaa mchana wa saa nane ili mama yake aione,
na mama yake, aliyecheka siku ya sami,
siku hiyo hakucheka.

Wakaja wengine. Mmoja wa Kanada, wawili wa Polandi.
Baridi niliyoitoroka sasa naiuza kwa uzani wa sufu.
Ndege ikiruka juu ya bati naacha kufuma, nahesabu:
huyo amebeba mishono yangu, huyo hajabeba.

Usiku nalala bila shuka, dirisha wazi, kama tajiri.
Blanketi moja nimemtandikia kuku.
Ile nyingine iko chini ya miguu ya mashine
isitetemeke.
Mashine, si mimi.